Sahani Moja na Mvule

Kelestini wa Idete aliuza miche ya kakao, na siri ya miche yake haikuwa ardhini. Ilikuwa juu, kwenye mapanda ya mvule mkongwe nyuma ya nyumba, pale matawi makubwa yanapoachana. Majani na vinyesi vya ndege vilikuwa vimeozea huko tangu babu zake hawajazaliwa, vikawa udongo mweusi, laini. Mama yake alimwachia sharti: kila mwaka panda moja, ndoo moja, na vijizizi usiviguse, kwa sababu mvule wenyewe ulishaota mizizi humo na ulikuwa unakula.

"Mnakula sahani moja," mama alisema. "Usiikombe."

Akaikomba. Mwaka juzi kikundi cha wakulima kiliagiza miche elfu mbili, naye, tamaa bwana, akajifunga kamba akakwea na panga. Mkewe Agnella alisimama chini.

"Baba Vitus, mama alisema panda moja."

"Mama hakuwahi kuagizwa miche elfu mbili."

Siku nne alishusha ndoo. Vijizizi vilivyomzuia alivikata, akavitupa. Miche ikastawi mpaka majirani wakaja kuishangaa, na zile sifa zikamlevya. Hilo anakiri mwenyewe.

Masika yaliyofuata akakwea tena, akakuta mapanda yote matano ni gome tupu. Akajaza viriba, vile vifuko vya miche, kwa udongo wa shamba, uliochoshwa na mahindi ya miaka thelathini. Miche ikageuka njano, ikafa. Matawi ya juu ya mvule nayo yakaanza kukauka, ndipo akamwita Getrude, bibi shamba wa kata.

"Udongo wa kwenye mapanda utarudi lini?" akamuuliza.

Getrude alitazama juu kwa muda. "Pengine miaka mia, mzee. Kama mti wenyewe utakuwepo."

Kelestini ana miaka sitini na sita. Majuto ni mjukuu, na wake keshahamia nyumbani.

Sasa kila asubuhi anapandisha ndoo ya samadi na majani makavu, anashindilia kwenye mapanda. Mvua ikinyesha inateremsha yote shinani. Agnella anaifagia samadi hiyo, anaijaza tena kwenye ndoo ileile. Mwanzoni alimgombeza, siku hizi anamshikia kamba.

Juzi alimuuliza taratibu, "Baba Vitus, unajua lakini kwamba haitashika?"

"Najua," alisema, akanyoosha mkono kupokea ndoo.