Mtani wa Daktari Mkuu

Mwalimu wetu wa chuo alitufuata hospitali ya Kibiti kuja kupima ujasiri wetu. Tulikuwa madaktari wanafunzi wawili, akatuita mmoja mmoja na kutuuliza: ukimwona mkubwa wako anamdhulumu mgonjwa, utafanya nini? Nilijibu vizuri mno. Nilitaja kiapo, nikataja haki, nusura nijilize mwenyewe. Mwenzangu, Mnyamwezi mcheshi asiyejua hata kupiga pasi, alisema, "Sijui, mwalimu. Itategemea siku hiyo nitaogopa kiasi gani." Mimi nikapata alama za juu, yeye akaambiwa akajitafakari.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mwenye mtaji kidogo akifungua duka. Daktari mkuu wetu alifungua la dawa, ng'ambo ya barabara. Tangu hapo dawa zikawa haziishi dukani na hazionekani wodini.

Mama mmoja akaja kutoka Mbwera na mtoto mwenye malaria kali, aliyeshikwa na degedege wakiwa bado ndani ya mashua. Kwenye raundi ya asubuhi mkuu alimwambia kwinini imekwisha, akanunue ng'ambo. Mama hakuwa na kitu.

Sasa, mkuu alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Hata msibani mtani huingia kaburini akazuia maziko, na hakuna wa kumkasirikia. Basi mwenzangu akaropoka: "Mtani, kwinini yetu imeolewa dukani kwako, mbona hata pilau hatukula?"

Wodi nzima ikacheka. Mkuu akacheka, nami nikacheka, wivu ukinikereketa. Sisi Wahaya hatuna utani na Wazaramo. Ningesema mimi, ningefungishwa virago. Huo si ujasiri, nikajiambia, ni leseni ya kabila.

Mkuu akasogea kitanda cha pili. Mwenzangu hakusogea.

"Daktari," alisema, na safari hii hakumwita mtani, "sasa sitanii. Dawa ile ni ya wodi hii. Naomba irudi, mtoto anakufa."

Suruali yake ilikuwa inatetemeka magotini. Mkuu alimkazia macho mpaka mimi nikatazama chini, kisha akampa muuguzi ufunguo wa duka.

Mtoto akapona. Mwenzangu akaandikiwa taarifa mbaya, akarudishwa kuanza mafunzo upya. Mimi nikamaliza kwa sifa. Unadhani wivu uliniisha? Ulizidi. Nilimwonea wivu hata hiyo adhabu, maana ilikuwa yake kwa haki.

Siku mama aliporuhusiwa, ndugu zake walikuja kumchukua na kapu la kamba wakavu. Alinikuta barazani kalibeba, mtoto mgongoni. Nikanyoosha mikono kulipokea.

"Ahsante, bwana daktari," akasema, akilivuta kapu kifuani. "Namtafuta yule mwenzio. Yule aliyeacha kucheka."

Nikamwonyesha mlango wa chumba mwenzangu alimokuwa akifunga virago.