Sehemu Tatu za Katikati

Franka elfu nne kwa jumla, ndivyo tulivyopatana mwanzoni. Muuza filamu wa sokoni alitaka mia tano kwa kila sehemu, nikamshusha hadi mia nne, na sehemu zilikuwa kumi. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili naona nililipa kidogo mno.

Ilikuwa filamu ya mfululizo, ya watu wanaoishi katika nyumba ya chuma kwenye sayari isiyo na hewa. Kila jioni mtu anabisha mlango kutoka nje. Ni nani? Sehemu sita zilipita, hawajafungua. Walikaa mezani, wakanywa maji, wakatazamana. Kwa bei ile nilitaka angalau mmoja wao ainuke.

Mama alikuwa mgonjwa, miguu imemvimba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Kifaransa anakijua; mimi ninacho cha kuuzia viatu tu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyenieleza wanachosema, bila haraka. "Tulia, mutoto wangu. Angalia mikono yabo."

Kisha daktari akaniita kando, akaniambia nihesabu wiki, si miezi. Nikaona mama ataondoka kabla hajajua nani anabisha. Nikaenda kununua ya kumi, nikaruka ya saba, ya nane na ya tisa. Muuzaji aliponisukumia zote, nikamwambia hizo tatu ni takataka, hakuna atakayezitaka. Ndivyo tunavyonunua.

Mama aliangalia dakika chache, akainua kidole.

"Simamisha. Ule mwanamuke analilia nani? Bantu babili habako tena. Weye umenirukisha." Kweli, mezani walikuwa wamepungua watu wawili.

"Mama, mule katikati hakuna kintu."

"Umejua je? Uliona?"

Nikajifanya natafuta rimoti.

"Zima. Enda utafute zile tatu. Minyi nitangoja."

Muuzaji alikuwa amezifuta kwenye kompyuta yake. "Si weye ulisema njo takataka?" Angeagiza nyingine Lubumbashi, zije kwenye flashi na treni ya Alhamisi. Treni yetu na Alhamisi hawajuani.

Wiki ya pili ya kungoja nilimbembeleza mama aimalize ile ya kumi tu. Akakataa. Nikamuuliza, basi yeye anafikiri ni nani. Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

"Minyi nilishajua tangu ya tatu. Lakini sikuambie. Utaona."

Alifariki Jumanne. Treni iliingia Ijumaa. Muuzaji alizileta mwenyewe mpaka matangani. Nikamlipa bei aliyotaja, akabaki ananitazama kama mtu aliyedanganywa.

Sasa ninazo zote, na toka matanga sijafungua hata moja kuanzia ya saba. Nikiziangalia nitajua aliyeziandika alifikiri nini. Alichofikiri mama hakuna anayekiuza, na Kifaransa changu ni kile kile. Dada yangu anasema nifute, nitafute usingizi. Wewe uliyewahi kuachiwa hadithi nusu na mtu wako, nishauri: nitafute wa kunitafsiria, au nikae nazo hivi hivi?