Udongo wa Kichuguu

Kabla hamjasoma mbali, mnisamehe mwandiko. Shule niliachia darasa la nane, na mkono wangu umezoea matope kuliko kalamu. Kuna maneno nitakosea. Lakini jambo hili kulisema kwa mdomo limenishinda.

Kuna Wabuddha walionunua shamba karibu na Gilgil, mahali pa watu kuja kukaa kimya na kutafakari. Walitaka vyumba vya udongo, vya bei nafuu. Mimi shosho, nyanya yangu, alinifundisha kukandika nyumba, kwa hivyo niliitwa. Chumba cha kwanza nilikichora chini kwa kijiti: mviringo, dirisha chini kabisa ili mtu aliyeketi sakafuni aone nyasi, paa litokeze nje mvua isiguse ukuta. Mtawa wa kike anayesimamia pale aliangalia, akasema, “Jenga hivyo hivyo.” Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Shida ilikuwa udongo. Wa huku ni kama majivu. Niliuchanganya na mavi ya ng'ombe na mabua ya ngano kutoka Mau Narok, ukuta ukapasuka. Fundi wa mawe, aliyekuwa akijenga tangi la maji, alinicheka kila asubuhi.

“Niaje, mathe wa matope! Watu wanahama nyumba za udongo, wewe unawarudisha?”

“Utaona,” nilisema, nikiangalia miguu yangu.

Shosho alikuwa na dawa moja tu, udongo wa kichuguu. Unashika kama simiti. Lakini siku ya kwanza mtawa alituambia pale hakuna kuua, hata mchwa. Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilibeba jembe nikaenda kwa kichuguu kilicho nyuma ya vichaka vya leleshwa. Nilijiambia kimekufa. Nilipopiga mara ya kwanza, mchwa wakatoka, wengine wamebeba mayai. Sikuacha.

Ukuta haukupasuka. Fundi wa mawe aliugonga kwa ngumi, akaenda zake kwenye tangi. Mtawa aliupapasa kwa kiganja.

“Udongo huu umeutoa wapi, dada?”

“Huko chini.”

“Basi tujengee vyumba vingine sita. Hivi hivi.”

Niliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, nikiingia mle ndani kulainisha kuta, naona kama nimejijengea ndani nikasahau kuweka mlango. Nikisema, kazi imeisha, na ndiyo kazi pekee niliyowahi kuichora mwenyewe. Nisiposema, nitavunja vichuguu sita. Jana nilimkuta mtawa ameketi kando ya lile dirisha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani.

“Sista…”

“Ndiyo?”

“Mlango unafunga vizuri?”

“Vizuri sana.”

Nikarudi kwa matope yangu.

Tunaanza Jumatatu. Kama unajua udongo unaoshika bila kubomoa nyumba ya kiumbe, tafadhali niandikie. Na kama umewahi kumwambia ukweli mtu aliyekusifu, niandikie pia, uniambie ulianza na neno gani.