Kamera Iliyogoma Nyumbani Tu

Kwanza picha ilitetemeka. Baadaye ikawa nyeusi kabisa. Nayataja kwa mpangilio huo kwa sababu mimi ni mtu wa vipuri. Nauza vipuri vya pikipiki Kisenyi, hapa Kampala, na kazi hiyo imenizoesha kuamini kwamba kitu hakiharibiki bure, lazima kuna kingine kilichotangulia kulegea. Tableti ya mama ilinifanya nilitilie shaka hata hilo.

Tableti ilitumwa na shemeji, mume wa dada yangu. Wao wanaishi ng'ambo, nchi ya baridi, na mama anaishi nami Bwaise, upande wa juu ambako maji ya mvua hutufikia mara chache. Shemeji ni Mkenya, mchangamfu, mtu asiyejua kunong'ona. Kampala alikuja mara moja tu, siku ya kujitambulisha ukweni, na siku hiyo mama alishinda chumba cha ndani na shangazi zangu. Aliporudi ng'ambo akaona ni aibu mke wake kuzungumza na mama yake kwa kasimu ka kubonyeza, akatuma tableti kubwa kama sinia la chai.

Mara ya kwanza walipopiga tulikaa kwenye kochi, mama na mimi. Uso wa dada ukajitokeza, na wa shemeji pembeni. Simu ya upande wao alishika yeye kwa kuwa ana mkono mrefu.

"Mama! Songa karibu nikuone poa!" akapiga kelele. "Eeh, sasa nimekushika vizuri!"

Mama akavuta mtandio ukamfunika nusu ya uso. Nilidhani anaona haya za kizee, nikamcheka.

Baada ya simu kadhaa kama hiyo, dada akaanza kulalamika. "Kaka, picha yenu inatetemeka. Ni kama mko juu ya boda." Nikatazama kile kidirisha kidogo cha pembeni, na kweli uso wa mama ulikuwa unacheza. Nikamchukulia mama tableti mkononi, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Ikatulia tuli. Nikaamua kwamba ndani kuna waya uliolegea, ukiegemezwa unashika. Nilijisifu hadharani. Safari iliyofuata tukaiegemeza vilevile, na hapo ndipo ikawa nyeusi tii. Wao tunawaona, wao hawatuoni.

Nisingejali sana. Sauti ilikuwa inapita, na mama mwenyewe hakuonekana kuikosa picha. Lakini dada aligunduliwa uvimbe tumboni, na madaktari wa huko wakasema lazima apasuliwe. Alinipigia mimi kwanza, dukani, nikiwa na mteja. Alikuwa analia.

"Kaka, nataka nimwone mama kabla hawajanikata. Sitaki sauti. Nataka uso."

Nikamwambia atamwona. Halafu akaniuliza jambo lililonikata maini: "Mama yuko salama? Hamnifichi kitu?"

Nikamwapia kwamba hatumfichi kitu, na wakati huo nilikuwa nasema ninachokijua.

Basi nikaivalia njuga ile kamera. Nilizima tableti nikaiwasha. Nikaingia kwenye mipangilio, nikahakikisha kamera imeruhusiwa. Nikafuta programu ya kupigia, nikaiweka upya. Nikarudisha kila kitu kama ilivyotoka kiwandani, nikapoteza kaswida zote za mama, akaninunia hadi Ijumaa. Kamera ya mbele ikabaki nyeusi. Ya nyuma ilikuwa nzima kabisa, inaonyesha sigiri, ndoo, na paka wa jirani aliyezoea kuingia bila hodi. Nikamwambia mama, basi nitasimama mbele yako nikuelekezee hii ya nyuma, dada akuone.

"Unipige picha kama mwizi wa polisi?" akasema, akainuka akaenda jikoni.

Nikaibeba hadi Kisenyi. Karibu na duka langu kuna Msomali anayetengeneza simu, mtu wa maneno machache. Aliipokea, akaipangusa kwa kitambaa kama anavyopangusa kila kitu kinachofika mezani kwake, akafungua kamera. Uso wangu ukatokea, safi, na kila mvi inahesabika. Tukatazamana.

"Iko sawa hii," akasema.

"Haiwezekani. Asubuhi ilikuwa nyeusi."

"Asubuhi ni asubuhi. Sasa iko sawa."

Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeponywa bila dawa. Jioni shemeji akapiga. Nyeusi. Dada akasema polepole upande wa pili, "Kaka, ulisema imepona." Nilitamani ardhi ipasuke.

Usiniulize ni mara ngapi mchezo huo ulijirudia. Dukani inaona, nyumbani haioni. Yule Msomali alifikia kuniambia shida iko kwenye nyumba yangu, nami nikaanza kumsadiki. Nikafikiria unyevu wa Bwaise. Nikafikiria umeme wetu unaokuja kwa nguvu na kuondoka bila kuaga. Nikafikiria, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba labda mtu ametufanyia kitu. Hayo mawazo ya mwisho niliyafukuza, lakini yalikuwa yameshakaa kidogo.

Siku moja kabla ya upasuaji nikaenda Wandegeya, kwa binti mmoja mwenye kibanda kando ya maduka ya kuchapisha, anayewatengenezea wanafunzi vitu vyao. Nikamkataza kuifanyia chochote kabla hajaiona ikiwa mbovu. Akawasha kamera. Nyeusi. Karibu nimkumbatie. Hatimaye ubovu ulikuwa na shahidi! Akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua juu ya kioo, picha ikaja. Pamba ilikuwa nyeusi. Akainusa.

"Anko, hii wanja. Nani anapaka wanja hapa?"

"Mama yangu hupaka machoni. Labda anaishika na vidole vichafu."

"Kila siku anashika hapo hapo tu?"

Nikamlipa, nikaondoka. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza. Mama ana kichupa cha wanja, ni kweli, tangu enzi za baba. Mama ni Mganda aliyeolewa na polisi Mwislamu wa kutoka kaskazini. Akasilimu, akajifunza kupaka wanja na kupika kisra, ile mikate myembamba ya kwao baba, na sisi watoto tukakulia kota za polisi tukiongea Kiswahili, mila zote zimechanganyika kwenye sufuria moja. Lakini wanja hupaka sikukuu, na sikukuu ilikuwa mbali. Macho yake sikuyakumbuka kuwa na wanja wiki zile zote.

Asubuhi ya upasuaji sikwenda dukani. Saa ya kupigiwa ilipokaribia nikasimama nyuma ya pazia la chumba, mtu mzima na kitambi changu, nikimchungulia mama yangu mzazi. Akatoa kichupa kifuani. Akachovya kidole cha mwisho, akakipeleka juu ya tableti. Kidole kilikuwa kinatetemeka, kikipita huku na huku, kinakosa mahali. Akakishika kwa mkono wa pili ili kifike. Mkono wa pili nao ulikuwa unatetemeka.

Nilitoka na hasira zangu zote. "Mama! Nimezunguka Kampala nzima kama kichaa! Mtoto wako anakwenda kupasuliwa anataka kukuona, wewe unapaka wanja kwenye kamera?"

Hakushtuka. Akafunga kichupa, akachelewa kukifunga.

"Ssebo, kaa chini," akasema. "Wewe umekulia kwa kota, hujui. Mkwe wangu ananishika uso yangu kwa mkono yake. Iko hivi," akanyoosha kiganja, akakitazama kama kuna mtu mdogo ndani yake. "Ananiangalia machoni. Anasema sogea. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Hawakai chumba moja. Sasa ona."

Akaniwekea mikono yake miwili mbele yangu. Ilikuwa inacheza kama majani.

"Ilianza baada ya ile kamela," akasema. "Hiyo ndiyo obuko. Anayevunja heshima ya ukwe anatetemeka. Nikajua nikiendelea itamfikia na yeye, na mtoto wangu ni mgonjwa, nani atamshika mkono huko kwa baridi?"

Nikakumbuka kwamba kwa miezi alikuwa ananiambia nijimiminie chai mwenyewe, na mimi nilidhani amenichoka. Nikakumbuka picha iliyotulia nilipoiegemeza kwenye chupa. Waya uliolegea! Nilitaka kumwambia haya ni maradhi, kuna hospitali, kuna vidonge. Nilitaka pia kumwambia amekosea, halafu nikaona kwamba kwa hesabu yake hakukosea popote. Kilianza hiki, kikafuata hiki. Ndivyo ninavyofikiri mimi mwenyewe dukani kila siku. Tangu siku ile daktari ameupa mtetemeko huo jina lake, na mama ana jina lake, na mimi nikiulizwa hujikuta nataja lolote linalokuja kwanza. Wakati ule nilichofanya ni kukaa karibu naye kwenye kochi, nikashindwa hata kuomba radhi kwa kumpigia kelele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Nimshtaki mkwe aliyeninunulia kitu? Na dada yako aende kwa daktari akiwaza mikono yangu?"

Nikampigia shemeji kwa sauti tu, kutoka nje, karibu na mtaro. Mambo ya mikono sikuyagusa. Nilimweleza habari ya mkwe na mama mkwe, nikijikwaa, kwa sababu nami nilikuwa nimeijua muda mfupi tu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mtu yule alishusha sauti.

"Na mimi nilikuwa namwambia asonge karibu," akasema. "Aki, mngeniambia. Sawa. Nitaweka simu kwa ile meza ya chakula hapa kitandani kwake, niende nje kabisa. Mwambie mama nimetoka. Mwambie hata mlango nimefunga."

Nikamwambia mama. Akaniangalia kwa muda, akapima kama namdanganya. Halafu akachukua ncha ya mtandio, akatemea mate kidogo, akafuta kioo mwenyewe. Nilitaka kuegemeza tableti kwenye chupa, akanikataza.

"Huyu nitamshika mimi."

Simu ikaita. Dada alikuwa kitandani, kofia ya karatasi kichwani, na nyuma yake ukuta mweupe bila mtu. Aliona picha, akafunika mdomo kwa mkono wenye bomba la dripu.

"Mama. Umekonda, Mama."

"Bambi, wewe ndiye umekonda. Geuka nikuone. Wanakupa chakula?"

Wakaongea mambo hayo hayo ya chakula na blanketi, kwa Kiswahili na Kiganda, na mama hakujifunika uso hata kidogo. Aliusogeza karibu mpaka nikaona kwenye kidirisha cha pembeni jicho na nusu ya pua. Lakini mikono ilikuwa inazidi. Picha ikawa inaruka.

"Kaka!" dada akaita. "Uko hapo? Hii kamera bado inatetemeka. Si ulisema umepata fundi?"

Mama akanitazama juu ya tableti. Nilielewa ananiomba nini, na kwa wiki zote zile hilo ndilo jambo pekee nililolielewa mara moja.

"Ni kamera," nikasema. "Mbovu kweli. Nitaipeleka kwa mwingine."

Kwa mbali upande wao nikasikia mlango unafunguliwa, sauti ya mwanamke ikisema wakati umefika. Nikapiga magoti mbele ya kochi, mahali ambapo kamera hainioni, nikashika mikono ya mama kwa chini, kwenye viganja, nikaibana kwa nguvu zote nilizonazo za kufungulia nati. Niliuhisi mtetemeko ukipita kwake ukaingia kwangu, mpaka mabegani. Kisha ukapungua.

"Hee, sasa imetulia!" dada akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Sasa nawaona vizuri. Kaka, umebonyeza wapi?"

"Hata sijui," nikamwambia.