Neno "Mawe"

Harufu ya mawese hunirudisha kwenye barabara ya Rumonge, wakati wa vita. Mama alikuwa ameshachagua: njiani tuseme Kiswahili tu, maana Waswahili hawakuhesabiwa upande wowote wa vita, waliachwa wapite. Kirundi tulikiacha nyumbani.

Kwenye kizuizi nikajikwaa, bidoni ya mawese ikamwagika, nikalia, "Mawe!" Ndivyo Mrundi anavyomwita mama yake.

Mwenye bunduki akageuka. "Mutoto amesema nini?"

Mama akacheka. "Mawe, kaka. Barabara yenu iko mawe tupu."

Tukapita. Tulipofika nyumbani akanizaba kofi. "Ukiniita hivyo tena, utatuua."

Sikumwita hivyo tena. Hata siku tulipomzika, nililia kwa Kiswahili safi.