Shule ya Kifaransa tu: kibao cha binti yangu kwenye Misa ya Jumapili

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nipo Lubumbashi, Kongo. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya, hii ni mara ya kwanza nafungua uzi. Nitakayoandika yamenitokea mimi, sijaongeza chumvi. Kuna sehemu zinanidhalilisha mwenyewe. Nilizifuta, nikazirudisha.

Kiswahili cha huku kwetu siyo hiki. Hiki nimejifunza kwa kusoma nyuzi zenu. Nikikosea mnisahihishe. Kuogopa kukosea ndiyo ugonjwa wangu, na ndiyo chanzo cha haya yote.

Kazi yangu ni keki: harusi, ubatizo, birthday. Shule niliacha mapema, kwa hiyo kila ninachojua nimejifundisha kwa simu, kuanzia vipimo vya unga hadi Kifaransa. Ua la krimu likipinda kidogo nakwangua keki nzima naanza upya, hata kama mteja asingeliona.

Kuna mteja mmoja, mama wa mjini, aliwahi kurudia sentensi yangu ya Kifaransa mbele ya wageni wake vilevile nilivyoikosea. Wakacheka wote. Keki yangu waliila.

Siku ile niliapa kwamba binti yangu Naomie hatachekwa na mtu.

Basi alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, nikaingia kazini. Shule za binafsi hapa zipo kila kona, na kila moja ina ukuta uliopakwa rangi na picha ya mtoto anayetabasamu. Mimi sikuangalia picha. Nilikagua vyoo. Nilifungua bomba nione kama maji yanatoka. Nilihesabu madawati, nikauliza mwalimu akiugua nani anashika darasa lake.

Mume wangu anafanya kazi mgodini, anarudi nyumbani kwa zamu. Alinicheka kwenye simu: "We mama Naomie, unatafuta shule ao unatafuta bwana mupya?"

Kipimo changu kikubwa kilikuwa hiki. Nilikuwa nasimama nje ya ukuta saa ya mapumziko, nasikiliza. Darasani kila shule inasema Kifaransa. Uwanjani ndipo unapojua ukweli. Kila nilipotega sikio nilisikia Kiswahili kitupu, watoto wanagombania mpira, wanatukanana. Naondoka.

Mpaka nikafika shule moja ambayo sitaitaja. Saa ya mapumziko, uwanja umejaa watoto, na kelele hakuna. Sauti ndogo ndogo tu, chache, za Kifaransa.

Nilidhani ni nidhamu.

Wakuu, someni tena hapo. Watoto wa miaka sita uwanjani, kimya, na mimi nikafurahi.

Mkuu wa shule alinipokea kwa Kifaransa laini kama siagi. Tunamwita Madame tu. Akaniambia, na hapa natoa maana yake: "Kwetu, Kiswahili kinabaki nje ya geti." Nikauliza mnafanyaje. Akajibu wana méthode yao, yaani mbinu, watoto wanasimamiana wenyewe, fimbo hakuna.

Mimi niliyefungua mabomba sikuuliza swali la pili. Niliona aibu, Kifaransa changu kilikuwa kinaniishia.

Wakati natoka akaongeza: "Na nyumbani pia, madame. La sivyo tunajenga ninyi mnabomoa."

Sasa niwaambie kuhusu nyumbani.

Naomie amelelewa na mama yangu. Mama alitoka Kilwa, kule ziwa Mweru, akaja kwangu Naomie akiwa mchanga ili mimi nipate kupika keki. Kila neno ambalo mtoto alikuwa nalo lilitoka kinywani mwa mama. Huku kwetu bibi tunamwita kambo, na hilo ndilo neno la kwanza Naomie alilotamka, kabla ya mama.

Nilimwambia mama kwamba kuanzia sasa asimsemeshe mtoto Kiswahili. Akacheka.

"Sasa mi nitasema naye na nini? Na mikono?"

Nikamjibu kwamba ni kwa faida ya mtoto. Akaanza kweli kusema naye kwa mikono: anamwonyesha sahani, anamwonyesha viatu, anajishika tumbo kuuliza kama ana njaa. Mara nyingine neno linamponyoka, anaziba mdomo, ananiangalia kama mtoto aliyevunja glasi.

Jirani aliniuliza juu ya ukuta kama tumefiwa: "Mama Naomie, mu nyumba yako kuko kilio? Hatumisikie tena."

Nikamwambia tunasoma.

Naomie alikonda. Bukari, ugali wetu, anagusa anaacha. Nikasema ni uchovu wa shule.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Nilikuwa napamba keki ya harusi, mlango wazi. Mama amekaa uani anachambua lengalenga, mchicha wa huku. Naomie akaingia na begi lake, shingo kaificha kwenye kola ya shati.

Mama akajisahau. "Naomie, mwana, umerudia? Kuya hapa."

Mtoto akasimama. Akamtazama. Kisha akavua kitu shingoni, akamvisha mama yangu, akasema, "Voilà, kambo." Akakimbilia ndani.

Mama aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. "Kuya uone! Ona ile mutoto amenipa!"

Nikatoka na krimu mikononi. Kilikuwa kibao kidogo cha mti mwekundu, kama boksi la kiberiti, kimetobolewa na kutiwa kamba. Laini sana, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Kizuri, kusema kweli. Nikafikiri ni kazi ya mikono ya darasani.

"Amenisemesha," mama akasema. "Amesema voilà, kambo. Voilà njo nini?"

"Njo kusema kamata."

"Kamata, kambo," akarudia polepole, akikigeuza kile kibao. "Kamata, kambo."

Jioni ile Naomie alikula, akaomba aongezewe. Nilimshukuru Mungu. Nikasema ndani yangu, unaona, shule inaanza kumkaa.

Jumapili mama alivaa kitenge chake cha sikukuu. Kibao alikuwa amekipaka mafuta, akakilaza juu ya blauzi, katikati kabisa, kila mtu akione. Njiani alimwonyesha jirani, akamwonyesha muuza mikate. "Mujukuu yangu njo amenitengenezea."

Naomie alikuwa ananishika mkono kwa nguvu. Sikumuuliza kwa nini.

Kwenye Misa, wakati wa matoleo, mama alikuwa kati ya wamama wanaopeleka vipaji altareni. Mnajua wamama wa huku, hawatembei, wanacheza. Mama yangu kabeba kapu la mihogo kichwani, anacheza taratibu kuelekea mbele, kibao kinaruka ruka kifuani. Nikasikia kicheko kwenye mabenchi ya watoto. Kikapita benchi moja hadi jingine.

Misa ilipoisha, kwenye ua wa kanisa, msichana mmoja wa darasa la Naomie akaimba:

"Kambo ya Naomie eko na kibao! Kambo ya Naomie njo atafagia Lundi!"

Lundi ni Jumatatu. Watoto wengine wakaitikia.

Mama akainama kwa yule msichana, bado anacheka naye. "We mutoto, ile kintu iko ya nini?"

Na yule mtoto akamweleza vizuri, kwa Kiswahili, kwa sababu kibao hakikuwa tena kwa mwenzake: "Banavalishaka ule anasema Kiswahili, kambo. Ukivaa, unangoya mwingine aseme, unamuvalisha. Ule anabakia nayo Lundi, anafagia darasa, bote banamucheka."

Hiyo ndiyo ilikuwa méthode. Mwanangu alibeba kile kitu kutoka shuleni, akaja kumtafuta mtu wa kumvisha. Na nyumbani kwetu mtu aliyebaki anasema Kiswahili alikuwa mmoja tu.

Hakufanya ubaya. Alifuata kanuni, kama nilivyomfundisha.

Nikanyoosha mkono nikivue. Mama akakishika.

"Wacha. Basi iko yangu kweli. Mi sina luga ingine."

Wakati huo huo Madame akapita kuelekea gari lake. Macho yake yalitua kifuani mwa mama yangu. Akatabasamu kidogo tu, akanisalimia: "Bonjour, madame."

Na mimi, wakuu, hii ndiyo sehemu niliyofuta mara nyingi. Mimi nilitabasamu. Nikajibu "Bonjour, madame," nikitunza kila herufi isipinde. Mama yangu amesimama pembeni yangu na kibao shingoni.

Jumatatu nilienda shuleni. Nilikuwa nimeandaa sentensi zangu njia nzima. Madame alinisikiliza, kisha akaeleza kwa upole kwamba njia hiyo haina fimbo, haiumizi, na wazazi wote wanaridhika na matokeo. Mwisho akasema kile kibao ni mali ya shule, nimkumbushe mama yangu akirudishe.

Nikaaga kwa Kifaransa, nikainuka.

Alipokuwa ananisindikiza, mlinzi alichelewa kufungua geti. Madame akapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "We papa, fungula mulango! Bantu banangoya!"

Watoto walikuwepo. Hakuna aliyemvisha kitu.

Wiki ile ile mama akasema samaki wanamsubiri Kilwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilimpeleka kwenye lori linalopita njia ya Kasomeno, akapanda, akakaa juu ya magunia. Kibao kilikuwa shingoni. Naomie alimpungia mkono, hakufungua mdomo.

Naomie nilimtoa shule ile. Sasa yuko kwenye shule ya nyuma ya parokia. Vyoo vyake ni vibaya, madarasa yamejaa, na saa ya mapumziko kelele zinafika barabarani. Mwalimu wake anafundisha kwa Kifaransa, wakikwama anaeleza kwa Kiswahili. Wenzake wanacheza. Yeye bado anasimama karibu na ukuta.

Nyumbani namsemesha Kiswahili. Kila nikianza, ananitazama mikono kwanza, aone kama nimeficha kitu.

Juzi mama alipiga simu. Nikaweka sauti kubwa, nikamsogezea Naomie. Nilitegemea kusikia "mwana, umelala vipi," salamu yake ya siku zote.

Badala yake nikasikia sauti ya mama yangu, nzito, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Bon-zour, Naomie. Ça va?"

Anajifunza. Katekista wa kule anamfundisha. Ili asimletee mtoto matatizo.

Naomie akajibu, "Ça va." Mama alikuwa amefika mwisho wa Kifaransa chake, na mtoto hakuthubutu kuanza Kiswahili. Nilisikia pumzi zao wote wawili mpaka salio likaisha.

Nilichojifunza ni hiki. Kagueni vyoo, kagueni bomba. Lakini ulizeni pia shule: mtoto akiteleza wanamfanya nini, na msitoke ofisini mpaka mjibiwe, hata kama Kifaransa au Kiingereza chenu kinaisha katikati. Uwanja wa watoto ukiwa kimya, ondokeni.

Nyinyi wa Tanzania na Kenya, huko mna kitu kama hiki kibao? Na kuna aliyewahi kumrudishia mtoto maneno yaliyompotea hivi? Mlianzaje? Nitasoma kila jibu.

Pale juu nimewaomba mnisahihishe. Kwa leo, naomba mniache hivi hivi.