Miguu ya Bi-tsu

Tangu ujana wake Bi-tsu alikuwa na miguu mizuri, na alijua. Pale sokoni kwetu Jiayi, kusini mwa Taiwan, meza yangu ya mipira ya samaki inatazamana na meza yake ya keki za figili, kwa hiyo maisha yangu yote nimeuza huku naiangalia miguu hiyo. Wakati wa joto kaptula, wakati wa baridi soksi nyembamba, na wanaume wanasimama kununua keki hata wasiozipenda. Marehemu mume wangu naye alikuwa mteja wake. Alidai anapenda figili. Nyumbani nikimpikia figili alikuwa hamalizi.

Mimi nina wivu, nasema wazi, na sijawahi kuuficha. Wengine wana roho ya korosho na wanakwenda hekaluni kila siku kuchoma ubani, mimi yangu inaonekana usoni. Bi-tsu ana mabinti watatu, mimi nina mwana mmoja tu, tena yuko kaskazini kwenye kiwanda cha vifaa vya kompyuta. Bi-tsu akibadilisha rangi ya kucha, muuza nyama ananiita: "Dada Siok, umeona?" Nimeona, ndiyo. Nimeona kabla yako.

Sasa hebu fikiria. Daktari ananiambia nina saratani ya mji wa mimba, lazima utolewe. Nalia mpaka macho yanavimba. Nafunga begi, nafika wodini, na kwenye kitanda cha dirishani kalala nani? Bi-tsu. Ugonjwa uleule, daktari yuleyule, na dirisha kapata yeye.

"Shoga, hata huku umenifuata," akasema.

"Nani kakufuata? Wewe ndiye umeniwahi, kama kawaida yako."

Tukapasuliwa siku ileile moja. Tulipozinduka vizuri akaja Nesi Ting, msichana mfupi, mkali kama pilipili, akasimama katikati ya vitanda viwili.

"Mama zangu, nisikilizeni. Mwenye saratani damu yake hupenda kuganda, na akipasuliwa tumbo halafu akalala tu, ndiyo balaa. Bonge la damu linaanzia mguuni, likipanda kifuani linamuua mtu ambaye tumeshasema amepona. Soksi hizi za kubana msizivue. Sindano ya tumboni kila siku, na mkifika nyumbani mtaendelea nayo. Na mtembee. Mkitaka kunitukana, nitukaneni huku mnatembea."

Mimi nilitembea, si kwa utiifu, ni kwa kukosa mtu. Mwanangu alipiga simu, akauliza kama nimekula, akarudi kazini. Nikitaka maji ya moto lazima nishuke kitandani, nishike ile stendi ya dripu, niburute miguu mpaka mwisho wa korido kwenye birika la umeme. Kidonda kinavuta, jasho linanitoka, na kila hatua namlaani Bi-tsu.

Kwa nini nisimlaani? Binti mkubwa, Hui-un, anamnywesha mchuzi wa kuku mweusi wenye tangawizi na mafuta ya ufuta. Wa pili anamchana nywele. Wa tatu anampashia miguu joto. Harufu ya ule mchuzi inapita juu ya kitanda changu, nami nina uji wa hospitali usio na chumvi. Kwetu mwanamke akijifungua anakaa mwezi: hagusi baridi, hakanyagi sakafu, hafanyi lolote zaidi ya kula na kulala. Hui-un aliamua kwamba mama yao naye atakaa mwezi, maana mji wa mimba umetoka, na mwili haujui tofauti.

"Kazaa nini?" nikauliza. "Kazaa uvimbe?"

"Mama mdogo, tafadhali," akasema Hui-un, kwa adabu ile inayokata kuliko tusi.

Soksi za kubana wakamvua, eti zinamwachia alama, wakamvika za sufu walizofuma wenyewe. Sindano alichomwa ya kwanza tu. Ikaacha doa la buluu tumboni, mabinti wakasema mtu aliyemwaga damu nyingi hivyo haongezewi dawa ya kuifanya nyepesi, wakaikataa. Nesi Ting akipita, blanketi linavutwa mpaka kiunoni. "Ametembea, dada. Mpaka mlangoni na kurudi."

"Muongo," nikasema. "Hajashuka huyo. Nesi, funua blanketi."

Nesi akafunua, akawagombeza, soksi zikarudi. Alipotoka zikavuliwa tena, na wote wanne wakanicheka. "Mama mdogo Siok anaonea kijicho hata usingizi wa mtu," akasema yule wa pili. Ilikuwa kweli. Nilimuonea kijicho kulala kwake, kulishwa kwake, hata blanketi lake.

Asubuhi moja binti mdogo alikuwa anamwosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Nikaitazama, kama siku zote. Mtu akizoea kutazama kitu kizuri cha mwenzake anakijua kuliko mwenyewe. Na ile miguu haikuwa pacha tena. Wa kushoto ulikuwa mnene, kifundo hakionekani, ngozi inang'aa na wekundu kwa mbali.

"Umekaza huu," Bi-tsu akasema, anaugusa nyuma chini ya goti. "Unauma tangu jana."

"Ni kulala tu, mama. Nitaukanda," Hui-un akasema. Akakunja mikono ya blauzi, akatoa chupa ya mafuta ya kukandia. Kwetu kila kitu kinakandwa. Kichwa kikiuma, kanda. Ukifiwa, kanda.

"Usiukande," nikasema. "Umevimba huo. Mwite nesi."

Hui-un akanitabasamia kama mtu anavyomtabasamia mlevi. "Mama mdogo, hata kukandwa umekuonea wivu?"

Bi-tsu naye akacheka. "Mwacheni, ndivyo alivyo. Nikiota jipu atataka na yeye."

Nilikasirika, tena sana. Ningeweza kugeukia ukutani nikavuta shuka, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikabonyeza kengele. Nesi haji. Mafuta yameshamwagwa kiganjani, Hui-un anasugua mikono ipate moto. Hapo nikajua nikisema neno jingine ni kazi bure. Mdomo wangu ulikuwa umeshaniharibia jina kwa watu hawa.

Nikashuka. Kubeba maji kulikuwa kumenipa miguu, nikafika kabla hawajashangaa. Nikaketi kwenye kitanda cha Bi-tsu, katikati ya binti na ule mguu, nikanyoosha wangu na soksi yake ya kubana.

"Sawa," nikasema. "Nina wivu. Sina binti wa kunikanda. Nikande mimi kwanza."

Mtu wa heshima atamkatalia vipi mgonjwa wa rika la mama yake? Hui-un akamtazama mama, mama akapandisha mabega. Akaanza kunikanda mguu juu ya soksi, kwa hasira, na mimi nikasema polepole, bado hapa, na hapa pia, mpaka Nesi Ting akaingia.

Niliuonyesha mguu wa Bi-tsu kwa kidole tu. Nesi akatoa utepe wa kupimia, akauzungushia mguu huu, akauzungushia ule. Uso ukambadilika.

"Nani ameukanda?"

"Bado," Hui-un akasema.

"Asiuguse mtu. Na yeye asijitikise."

Wakamsukuma kwenda kupigwa picha. Bonge lilikuwapo, limeanzia nyuma ya goti limepanda pajani. Daktari aliwaambia mabinti kwamba lingekandwa lingeweza kukatika, likapanda mapafuni, na wangekuwa wanampeleka mama yao kwingine. Hui-un aliporudi alisimama kando ya kitanda changu, akainama. Akachukua pera, akalimenya, akalikata vipande, akaniwekea. Nikalila lote.

Bi-tsu akaanzishiwa dawa, na aliporuhusiwa kutembea akatembea, watatu wanamshikilia. Mimi nilikuwa natembea na stendi. Roho iliniuma vilevile.

Siku aliyowatuma mabinti wote wakale, aliniita. "Shoga."

"Nini?"

"Wanangu walikuwa wanaushika mguu huu kila siku. Wanauosha, wanauvika soksi. Hawakuona."

Nikajivuta ukingoni mwa kitanda nimtazame.

"Unadhani zile kaptula nilikuwa nawavalia wanaume?" akasema. "Wanaume hawatazami vile. Nilikuwa nakuvalia wewe."

Sasa tumerudi sokoni. Chini ya kaptula anavaa zile soksi za hospitali, rangi ya chai iliyopoa, hazina hata haya. Kila asubuhi, kabla sijafunua meza, anakuja upande wangu, anazishusha mpaka kwenye vifundo, anasimama.

"Angalia."

Naangalia mmoja, naangalia wa pili, sina haraka. Muuza nyama anacheka, acha acheke.

"Iko sawa," namwambia. Na bado ni mizuri kuliko yangu.